Gesi kutoka kwenye makaa ya mawe: kuvuta, kuwasha au kulisha vijidudu?

Tabaka la makaa ya mawe lililo chini mno, au jembamba mno hata kulichimba kukawa hasara, bado linaweza kutoa nishati bila mchimbaji hata mmoja kushuka shimoni. Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kuchimba kisima na kuvuta methani ambayo tayari imenaswa ndani ya makaa. Ya pili ni kuyawasha makaa yenyewe huko huko chini na kuvuta gesi inayotokana na moto huo. Ya tatu, iliyo changa kuliko zote, ni kuvilisha vijidudu vinavyoishi ndani ya tabaka ili vigeuze sehemu ya makaa kuwa methani mpya. Makala haya yanaziweka njia hizo sambamba kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuamua: ofisa wa serikali aliyewekewa mezani andiko la mwekezaji, mwenye mtaji anayeombwa kushiriki, au mwanafunzi anayetafuta eneo la utafiti.

Njia ya nne nimeiongeza kwa makusudi, kwa kulinganisha tu, nayo ni mtambo wa samadi wa nyumbani, ingawa hauna hata chembe ya makaa ndani yake. Gesi inayotengenezwa na vijidudu vya makaa huitwa pia bayogesi, na msomaji wa Afrika Mashariki anapolisikia jina hilo hufikiria ng'ombe wawili watatu zizini, kuba la matofali lililofukiwa uani na mwali wa buluu jikoni. Vijidudu vya pande zote mbili ni vya ukoo mmoja, lakini hesabu zake hazifanani kabisa, na wapo wanaoinadi teknolojia hii wakinufaika na mkanganyiko huo. Kuchimba makaa na kuyageuza gesi katika kiwanda cha juu ya ardhi, kama kile cha Beulah, North Dakota, kilichoanza kazi mwaka 1984, nimekuacha nje, kwa kuwa kunadai mgodi, na mwenye mgodi ana maswali mengine.

Kinachotokea chini ya ardhi

Njia ya kuvuta ndiyo rahisi kueleza. Methani hung'ang'ania kuta za vitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya makaa, ikishikiliwa na mgandamizo wa maji yaliyojaa kwenye nyufa. Maji yakivutwa kwa pampu, mgandamizo hushuka, gesi hujiachia na kupanda. Ndiyo maana kisima cha aina hii huanza kwa kutoa maji mengi na gesi kidogo, kisha uwiano hugeuka, na baada ya miaka kadhaa gesi nayo hupungua mpaka kisima kisiweze kulipia hata umeme wa pampu yake.

Njia ya kuwasha hutumia angalau visima viwili: kimoja hupeleka chini hewa au oksijeni, mara nyingine pamoja na mvuke, na kingine hupokea mchanganyiko wa hidrojeni, monoksidi ya kaboni, methani kiasi na kaboni dioksidi. Moto wenyewe hunyimwa oksijeni kwa makusudi ili makaa yasiungue yote yakawa moshi. Wazo hili ni la karne ya 19, Warusi wa enzi ya Kisovieti walilifanyia kazi kwa bidii tangu miaka ya 1930, na kituo cha Angren, Uzbekistan, kimetumia njia hii kwa miongo mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Njia ya vijidudu inadai maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya. Katika bonde la Powder River, linalokatiza mpaka wa Wyoming na Montana nchini Marekani, makaa yana umri wa takriban miaka milioni 55 hadi 60, na hayakuwahi kuzama kina cha kutosha kupata joto kali, ambalo nalo hutengeneza methani bila vijidudu. Hata hivyo yalikutwa yamejaa methani. Vipimo vya isotopu vilieleza kilichotokea: kaboni ya gesi hiyo ni nyepesi kupita kawaida, na wepesi huo ni alama ya vijidudu, ambavyo huipendelea kaboni nyepesi kuliko nzito. Sehemu kubwa ya gesi ya makaa ya Walloon, katika bonde la Surat huko Queensland, Australia, ina asili kama hiyo. Kwa hiyo hakuna ubishi tena kwamba vijidudu hutengeneza gesi kutokana na makaa. Kinachobishaniwa ni kama kazi ambayo vimeifanya vyenyewe kwa maelfu au mamilioni ya miaka inaweza kuharakishwa ikaingia ndani ya mkopo wa benki wa miaka 10.

Makaa ni chakula kigumu mno. Hayayeyuki katika maji, na hakuna kijidudu kinachoweza kuyameza, hivyo kazi hugawanywa. Bakteria wa kundi la kwanza hutoa vimeng'enya nje ya miili yao na kuvunjavunja pembezoni mwa makaa hadi vikapatikana vipande vinavyoyeyuka. Kundi la pili huvichachusha vipande hivyo kuwa asidi nyepesi, ikiwemo asidi ile ile iliyomo katika siki, pamoja na hidrojeni na kaboni dioksidi. Mwisho wa mnyororo wapo arkea, ambao si bakteria ingawa kwa darubini hufanana nao. Wengine huunganisha hidrojeni na kaboni dioksidi kupata methani, wengine huikata asidi ya siki vipande viwili, kimoja methani na kingine kaboni dioksidi. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kwamba arkea mmoja, Methermicoccus shengliensis, anaweza kutengeneza methani moja kwa moja kutokana na vikundi vya methoksi vinavyoning'inia kwenye molekuli za makaa, bila kusubiri wenzake wamwandalie. Ugunduzi huo ulisisimua wengi, nami nauona wa maana, ila vikundi hivyo ni sehemu ndogo ya makaa na huzidi kutoweka kadiri makaa yanavyokomaa.

Binadamu anaongeza nini basi? Mara nyingi haongezi vijidudu, kwa sababu wenyeji tayari wapo na huwashinda wageni. Anachoongeza ni virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi, ambavyo makaa huvikosa katika sura inayotumika. Mkulima anayetia mbolea katika shamba lililochoka anaifahamu kanuni hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana wamejaribu kutumia dondoo la mwani, kwa hoja ya kuvutia kwamba mwani huo unaweza kukuzwa katika maji yale yale yanayovutwa kutoka kwenye visima vya makaa, na karibu na Birney, Montana, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa jiolojia limeweka uwanja wa visima kwa ajili ya kuyapima mambo haya mahali penyewe badala ya kwenye chupa. Njia nyingine ni kuyachimba makaa machanga na kuyatia katika matangi juu ya ardhi; kampuni ya Arctech ya Virginia ilifanya hivyo kwa vijidudu vilivyotokana na matumbo ya mchwa. Kwa mtu aliyewahi kuona mchwa wakimaliza kenchi ya nyumba yake, chaguo hilo halihitaji maelezo.

Makaa ya aina gani, na maji ya aina gani

Hapa njia hizi hutengana waziwazi. Moto hauchagui sana, mradi tabaka liwe nene kiasi, lisiwe na mipasuko mikubwa ya miamba, na liwe mbali na maji ya kunywa. Kisima cha kuvuta hutegemea kama gesi ipo na kama makaa yana nyufa za kuipitisha. Vijidudu vina masharti mengi kuliko vyote. Hupenda makaa machanga, yaani lignaiti na yale yaliyo hatua moja juu yake, kwa sababu bado yana oksijeni nyingi katika molekuli zake na hushambuliwa kwa urahisi zaidi. Makaa yaliyokomaa yamekuwa kama mfupa uliokwisha kugugunwa. Joto la tabaka likiwa la vuguvugu, kazi huenda vizuri; likizidi nyuzi 80 za Selsiasi, wengi wao hufa. Oksijeni huwaua arkea hao wa methani, kwa hiyo virutubisho vinapaswa kushushwa bila hewa. Chumvi nyingi mno huwadumaza.

Kikwazo ambacho waandishi wa maandiko ya miradi hukitaja kwa haraka, au hawakitaji kabisa, ni salfeti, yaani chumvi yenye salfa. Maji ya tabaka yakiwa na salfeti, hujitokeza bakteria wa aina nyingine wanaoigombania hidrojeni na asidi ya siki, na kwa kawaida hao ndio washindi. Badala ya methani wao hutoa salfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza, inayokula mabomba na kuhatarisha maisha ya wafanyakazi. Kwa maoni yangu, kipimo cha salfeti katika maji ya tabaka ndicho kinachopaswa kuwa cha kwanza kuombwa, kabla ya picha za maabara na michoro ya mapato, kwa kuwa ni cha bei nafuu na kinaweza kuufuta mradi mzima kwa siku moja.

Kiasi na kasi

Majaribio mengi ya maabara, yanayofanywa kwa makaa yaliyosagwa na kutunzwa katika joto zuri, hutoa kiasi kinachofikia mita za ujazo chache za methani kwa tani moja ya makaa baada ya miezi kadhaa, na mengi hayafiki hata hapo. Tuchukue mita 2 za ujazo kwa mfano. Gesi hiyo ina nishati ya takriban megajuli 72, ilhali tani moja ya makaa ya Powder River ina takriban gigajuli 20. Kilichopatikana, basi, ni chini ya nusu ya asilimia 1 ya nishati iliyokuwemo. Tani moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, ikiwekwa katika mtambo wa kawaida, hutoa mita za ujazo 30 hadi 40 za bayogesi kwa muda wa takriban mwezi mmoja na nusu, na zaidi ya nusu ya bayogesi hiyo ni methani. Kwa uzito ule ule, samadi inayashinda makaa takriban mara kumi, na inafanya hivyo kwa haraka zaidi. Msomaji asishangae: majani yaliyopita tumboni mwa ng'ombe yamekwisha kulainishwa, na makaa yamekaushwa na kubanwa kwa mamilioni ya miaka.

Lakini samadi hukusanywa kwa ndoo, na makaa yapo kwa mabilioni ya tani. Tabaka lenye unene wa mita 20, ambalo si la ajabu katika Powder River, lina takriban tani 260,000 za makaa chini ya hekta moja. Mita zetu 2 za ujazo kwa tani zinakuwa mita za ujazo 520,000 kwa hekta, na visima vya bonde hilo kwa kawaida vilipewa takriban hekta 32 kila kimoja. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomfanya mwanajiolojia Andrew Scott aeleze mwaka 1999 kwamba kugeuza sehemu moja tu ya elfu kumi ya makaa ya Marekani kungeongeza akiba ya gesi kwa futi za ujazo trilioni 23. Hesabu ni sahihi kwenye karatasi. Shida ni kwamba haisemi itachukua miaka mingapi, na inachukulia kwamba kila tani itaguswa na virutubisho, wakati ukweli ni kuwa maji yenye virutubisho hupita kwenye nyufa chache zilizo wazi na kuyaacha makaa mengi bila kuyagusa. Katika chupa makaa yamesagwa. Katika ardhi ni jabali.

Mfano wa karibu nasi wa tofauti kati ya akiba na kasi ni Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Vilindi vyake vina takriban kilomita za ujazo 60 za methani, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na arkea wakitumia kaboni dioksidi ya volkano pamoja na mabaki ya viumbe, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unazalisha umeme kwa gesi hiyo. Akiba ni kubwa kwa sababu ilikusanyika kwa karne nyingi. Anayeivuta leo anavuna kazi iliyokwisha kufanywa, kama anavyofanya mwenye kisima cha kuvuta methani ya makaa. Mwenye mradi wa kulisha vijidudu anataka kazi hiyo ifanywe upya mbele ya macho yake.

Njia ya kuwasha haina tatizo la kasi. Moto hutoa sehemu kubwa ya nishati ya makaa yanayofikiwa, na huitoa kwa siku. Udhaifu wake uko katika ubora: ikitumika hewa ya kawaida, gesi hujaa naitrojeni na kuwa na megajuli 4 hadi 6 tu kwa mita ya ujazo, dhidi ya takriban 36 za methani. Gesi nyepesi kiasi hicho hailipi kusafirishwa mbali. Lazima mtambo wa umeme au kiwanda kiwe hapo hapo. Gesi ya kuvuta na ya vijidudu, kinyume chake, mara nyingi ni methani tupu au karibu na hivyo, na huingia katika bomba la kawaida baada ya usafishaji mdogo.

Maji ndiyo mizani

Kwa yeyote atakayeniuliza kipimo kimoja tu cha kuchagulia, nitamwambia atazame maji. Njia ya kuvuta huyamwaga. Katika Powder River, ambako matabaka ya makaa ndiyo pia visima vya wafugaji, uvutaji ulioshamiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ulishusha kina cha maji, na maji yaliyomwagwa juu yalikuwa na sodiamu nyingi kiasi cha kuharibu udongo wa mfinyanzi. Mito na mabwawa yakawa mahali pa migogoro kati ya makampuni, wafugaji na majimbo mawili.

Njia ya vijidudu, kwa kulinganisha, huyahitaji maji yabaki. Hapa kuna mgongano ambao haukwepeki: gesi haijiachii mpaka maji yavutwe, na vijidudu havifanyi kazi mpaka maji yawepo. Suluhisho ni mzunguko, yaani kushusha virutubisho, kufunga kisima kwa miezi, kisha kuvuta tena, jambo linalomaanisha miezi isiyo na mapato. Aidha, kushusha fosfeti na amonia katika tabaka ambalo watu na mifugo hunywa maji yake ni jambo linalodai vipimo vya awali vya maji, visima vya uangalizi na mdhibiti anayejua anachokipima. Athari hizo ni ndogo zikilinganishwa na za moto, lakini si sifuri.

Kuhusu moto, kumbukumbu ni chungu. Majaribio ya Hoe Creek, Wyoming, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 yaliacha benzini katika maji ya ardhini, na usafishaji wake ukachukua miaka mingi. Huko Chinchilla, Queensland, kampuni ya Linc Energy iliendesha moto wa chini kwa mgandamizo uliopita kiasi, miamba ikapasuka na gesi zikatoroka. Jimbo likapiga marufuku njia hiyo mwaka 2016, na mwaka 2018 mahakama ikaitoza kampuni, iliyokuwa tayari katika ufilisi, faini ya dola za Australia milioni 4.5. Kanuni ya kitaalamu ya kuzuia ajali kama hiyo inajulikana, nayo ni kuuweka mgandamizo wa shimo la moto chini ya ule wa maji yanayolizunguka ili maji yaingie na gesi isitoke. Kujua kanuni na kuifuata usiku kucha, kila siku, kwa miaka, ni mambo mawili tofauti. Mtambo wa samadi hunywa maji ya ndoo na kurudisha mbolea ya majimaji shambani.

Fedha na sheria

Kampuni iliyojulikana zaidi katika njia ya vijidudu ilikuwa Luca Technologies ya Colorado, ambayo ilishusha virutubisho katika visima vilivyochoka vya Powder River. Mpango wake ulikuwa wa busara kwa jambo moja kubwa: visima, mabomba na pampu vilikuwa vimekwisha kulipiwa na waliotangulia. Hata hivyo ilifilisika mwaka 2013. Bei ya gesi Marekani, iliyopita dola 12 kwa kila milioni moja ya BTU (kipimo cha nishati) katikati ya 2008, ilishuka chini ya dola 2 mwezi Aprili 2012 kutokana na wingi wa gesi ya mwamba wa sheli, na biashara yenye subira ya miezi haikuweza kupambana nayo. Makampuni mengine ya kuvuta gesi katika bonde hilo yalianguka pia, yakiiachia Wyoming kazi ya kuziba visima kwa maelfu. Mtu anayepokea mradi wa visima, wa njia yoyote kati ya hizi, adai dhamana ya kuviziba ikiwa imewekwa benki mapema, kwa sababu kampuni mfu haizibi kisima.

Swali la umiliki nalo lisipuuzwe. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba neno makaa katika sheria za ardhi za 1909 na 1910 halikujumuisha gesi iliyomo ndani yake, kwa hiyo mwenye makaa si lazima awe mwenye gesi. Uamuzi huo ulihusu gesi iliyokuwepo. Gesi inayotengenezwa kwa kuyala makaa yenyewe ni ya nani? Tanzania ina mgawanyo unaofanana: makaa husimamiwa na Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini, na utafutaji wa gesi asilia husimamiwa na PURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. Mradi wa vijidudu ungebisha hodi milango yote miwili.

Hewa ya ukaa

Jina la bayogesi lisimpumbaze mtu. Kaboni ya samadi ilikuwa hewani mwaka jana, ikaingia katika nyasi, na inarudi hewani; kaboni ya makaa ilizikwa mamilioni ya miaka iliyopita, na hata kipimo cha kaboni 14, kinachosoma katika samadi, husoma patupu katika gesi ya makaa. Vijidudu havibadili ukweli huo. Faida iliyopo ni kwamba methani ikiungua hutoa takriban nusu ya kaboni dioksidi ya makaa kwa nishati ile ile, bila majivu na bila moshi wa salfa, na masalio mengi ya kaboni hubaki chini. Faida hiyo hupotea haraka kisima kikivuja, kwa sababu methani isiyochomwa hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 20.

Nani achague nini

Mwenye visima vya kuvuta vinavyoelekea kukauka, katika makaa machanga, yenye maji yasiyo na salfeti na bomba la gesi lililo karibu, ndiye pekee ambaye ningemshauri ajaribu vijidudu kibiashara, tena aanze na visima vichache. Mwenye tabaka ambalo halijaguswa na lenye gesi ya kutosha aanze kwa kuivuta. Swali la vijidudu litamngoja. Njia ya moto nisingemshauri mtu yeyote mahali ambapo watu wanakunywa maji ya ardhini, na katika nchi zetu sehemu hizo ni nyingi kuliko zisizo hivyo.

Kwa Tanzania, makaa ya Mchuchuma wilayani Ludewa na Ngaka wilayani Mbinga ni ya miamba ya Karoo, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na kwa sehemu kubwa yamekomaa kupita kiwango ambacho vijidudu hukipenda. Hakuna huko uwanja wa visima vya methani vilivyochoka vinavyosubiri kufufuliwa. Aidha, nchi ina gesi asilia ya Songo Songo iliyoanza kutumika 2004 na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lililokamilika 2015, gesi ambayo njia ya vijidudu ingelazimika kushindana nayo kwa bei. Kwa hali hiyo, nafasi yake ni katika maabara za vyuo, ambako sampuli za makaa na maji yake zinaweza kupimwa kwa gharama ndogo na kutoa elimu yenye thamani. Kaya au shule yenye mifugo haina haja ya kusubiri. Mitambo ya samadi imejengwa na mafundi wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, kutoka Arusha tangu miaka ya 1980, na ufundi wake unafahamika.

Atakayeletewa grafu ya kisima ambacho vijidudu vyake vililishwa kikaongeza gesi aitazame kwa makini kabla ya kusaini. Kisima chochote cha makaa kikifungwa kwa miezi kadhaa, gesi ya sehemu za mbali husogea taratibu na kujikusanya karibu nacho, na siku kitakapofunguliwa kitatoa gesi nyingi kuliko kilivyotoa siku kilipofungwa, hata kama hakikupewa tone la virutubisho. Mwinuko huo huonekana kama ushindi wa vijidudu kwa wiki kadhaa, kisha hushuka. Kwa hiyo aombe grafu ya kisima jirani, cha tabaka lile lile, kilichofungwa kwa muda ule ule bila kulishwa chochote, na aombe vipimo vyote viwili kwa kipindi cha mwaka mzima baada ya kufunguliwa.